Seli ya Saratani Inapokosa Chakula

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, wanafunzi wa tiba na wa maabara, wauguzi, nanyi mnaouguza ndugu zenu nyumbani, nawasalimu nyote na nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Wodini na majumbani kuna ushauri unaosikika kila siku: saratani inakula sukari, kwa hiyo mgonjwa akiacha sukari, wali na ugali, uvimbe utakufa njaa. Ushauri huo una kipande cha ukweli ndani yake, ndiyo maana unashika. Leo nataka tuone seli ya saratani inafanya nini hasa chakula kinapoadimika. Tukishaona hivyo tutaelewa kwa nini kuinyima kitu kimoja mara nyingi hakufui dafu, na ni wapi kulikofanikiwa kweli.

Tuanze na mahali penyewe. Uvimbe hukua haraka kuliko mishipa yake ya damu. Mishipa inayoota humo imepindapinda, inavuja, na mingine inaishia njiani. Oksijeni ikitoka kwenye kapilari, yaani mishipa myembamba kabisa ya damu, hupenya takriban maikromita 150 tu kabla haijamalizwa na seli zilizo karibu. Ni kama unene wa nywele mbili zilizolazwa pamoja. Mwaka 1955 Thomlinson na Gray walichunguza vipande vya saratani ya mapafu wakakuta hali hiyo waziwazi: seli hai ziko jirani na mishipa, na zilizo mbali zaidi zimekufa. Kati ya makundi hayo mawili wamo wale tunaowazungumzia leo, seli ambazo hazijafa lakini zinaishi kwa shida.

Damu ya mtu mzima mwenye afya ina glukosi, yaani sukari ya damu, kama milimoli 5 kwa lita, na glutamini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, kati ya milimoli 0.5 na 0.7. Ndani ya uvimbe viwango vya glukosi na vya baadhi ya asidi amino hushuka chini ya hapo, laktati, yaani taka ya glukosi iliyovunjwa nusunusu, inarundikana, na pH (kipimo cha uchachu) ya majimaji yanayozunguka seli inaweza kufika 6.5 hadi 6.9 badala ya 7.4. Naomba jambo hili tulishike vizuri kwa sababu lina uzito katika yote yatakayofuata: seli hiyo ina njaa hata mgonjwa akiwa ameshiba. Ukosefu wake unatokana na njia mbovu za usafirishaji. Sahani ya mgonjwa haihusiki.

Seli hujuaje kwamba nishati imepungua? Sarafu yake ya nishati ni molekuli ya ATP, yenye fosfati tatu; ikitumika hubaki ADP, yenye mbili. ADP zikizidi, kimeng'enya kimoja huchukua mbili na kutengeneza ATP moja na AMP moja, yenye fosfati moja tu. Kwa kuwa AMP kwa kawaida ni kidogo sana, hata ATP ikipungua kwa asilimia chache, AMP hupanda mara kadhaa. Ndiyo maana seli hupima AMP kuliko kungoja ATP iishe. Kipimo chenyewe ni protini iitwayo AMPK. AMP ikiishika, kimeng'enya kingine, LKB1, huipachika fosfati kwenye threonini ya 172, nayo inaamka.

Kazi ya kwanza ya AMPK ni kufunga mkanda, na hesabu zake ni kali. Kuunganisha asidi amino moja na nyingine wakati wa kujenga protini kunagharimu vifungo 4 vya fosfati vyenye nishati, kwa hiyo protini ya asidi amino 400 inakula takriban 1,600. Kutengeneza molekuli moja ya palmitati, yaani asidi mafuta ya kawaida, kunahitaji asetili-CoA 8 (matofali madogo ya kaboni), ATP 7 na NADPH 14 (molekuli zinazobeba elektroni za kujengea na za kuzimia sumu). AMPK inazima yote mawili. Upande wa protini, inaikandamiza mTORC1, ambayo ndiyo inayoamuru ujenzi. Upande wa mafuta, inakifunga kimeng'enya ACC, kinachoanzisha utengenezaji wa mafuta kwa kuzalisha malonili-CoA.

Hapo kwenye ACC pana faida mbili, na ya pili mara nyingi husahaulika vitabuni. Ya kwanza ni kwamba malonili-CoA ikipungua, mlango wa mitokondria, vinu vya nishati vya seli, unafunguka na mafuta yanaingia kuchomwa. Palmitati moja ikichomwa yote hutoa ATP 106. Ya pili ni ile NADPH 14 ambayo haikutumika. Seli isiyo na glukosi haiwezi kutengeneza NADPH ya kutosha kupitia njia ya pentosi, na bila NADPH haina cha kuzima oksijeni kali zinazozalishwa na mitokondria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kulinda NADPH kwa njia hii ni sehemu kubwa ya kinachoiweka seli hai glukosi inapokosekana. Mara nyingi, basi, seli inayonyimwa glukosi huuawa na sumu iliyoshindwa kuizima kabla hata ATP haijaisha.

Kuna saratani za mapafu zilizopoteza LKB1. Zikiwa na chakula tele hukua kwa kasi, maana breki imevunjika. Zikibanwa nishati hazijui kusimama, nazo hufa mapema kuliko zenye LKB1 nzima. Nitalirudia wazo hili tukifika kwenye dawa.

Asidi amino zina walinzi wao. mTORC1 hukaa juu ya lisosomu, kifuko cha kusagia cha seli, na pale huletewa habari za leusini kupitia Sestrin2 na za arjinini kupitia CASTOR1. Kukosekana kwa asidi amino yoyote ndani ya kiwanda cha protini hugunduliwa na GCN2, kwa kuwa tRNA, wachukuzi wa asidi amino, zinabaki tupu bila mzigo. GCN2 hupunguza ujenzi wa protini kwa jumla, lakini huiruhusu moja ipite, ATF4, ambayo inawasha jeni za kuingiza na kutengeneza asidi amino. Mojawapo ni ile ya kutengeneza asparajini. Iwekeni akilini.

Oksijeni nayo ina kipimo chake, HIF-1. Oksijeni ikiwepo, vimeng'enya maalumu vinaipachika HIF alama, na protini VHL inaisoma alama hiyo na kuipeleka HIF kuharibiwa. Oksijeni ikikosekana, alama haipachikwi, HIF inabaki na kuingia kwenye kiini. Inaongeza milango ya glukosi, inaongeza kimeng'enya cha kutengeneza laktati, na inafunga njia ya piruvati, yaani zao la glukosi iliyovunjwa, kuingia mitokondria. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2019 kwa kufumbua jinsi seli zinavyoihisi oksijeni. Katika saratani nyingi za figo VHL imeharibika, kwa hiyo seli inaishi kana kwamba haina oksijeni hata ikiwa nayo.

Baada ya kufunga mkanda, seli inatafuta. Hapa ndipo ninapostaajabu zaidi, na naomba radhi nikikaa kidogo.

Tuchukue saratani ya kongosho. Uvimbe wake umezingirwa na tishu ngumu iliyobana mishipa, na zaidi ya asilimia 90 ya saratani hizo zina mabadiliko katika jeni KRAS. Seli yenye KRAS hiyo hutikisa utando wake hadi ukatoa mikunjo, mikunjo inajikunja kurudi ndani, na inafunga tone la majimaji ya nje ndani ya kifuko chenye kipenyo cha hadi maikromita 5. Ndani ya tone hilo imo albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika plazma, gramu 35 hadi 50 kwa kila lita. Kifuko kinaungana na lisosomu, albumini inakatwakatwa, na seli inapata asidi amino ambazo hazikupita kwenye mlango wowote wa asidi amino. Hayo yalionyeshwa mwaka 2013. Wakati huohuo seli inajila yenyewe kwa kiasi: mitokondria zilizochakaa na protini zilizokunjwa vibaya hufungwa na kusagwa upya. Mfumo huo ndio uliompa Yoshinori Ohsumi wa Japani Tuzo ya Nobeli mwaka 2016 kwa kazi aliyoianza kwenye hamira. Na majirani nao wanachangia: mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba seli zenye umbo la nyota zilizo katika tishu ngumu ya kongosho hutoa asidi amino alanini, nazo seli za saratani huitumia kuendeshea mitokondria zake na kuibakiza glukosi kidogo iliyopo kwa kazi nyingine.

Saratani ya ovari ina njia yake. Ikisambaa tumboni hupenda kutua kwenye pazia la mafuta linalofunika matumbo, na seli za mafuta humo huipatia asidi mafuta moja kwa moja. Seli zilizo karibu na kapilari, zenye oksijeni, zinaweza kuchoma laktati inayotemwa na wenzao wa mbali. Hata asetati, ambayo ni kidogo mno katika damu, huokotwa na kufanywa asetili-CoA. Penye oksijeni kidogo sana kuna tatizo jingine: kutengeneza mafuta yasiyokolea (yale yasiyojaa hidrojeni) kunahitaji oksijeni, kwa hiyo seli huyaokota yakiwa tayari kutoka nje.

Sasa twende kwa Otto Warburg, mwanasayansi wa Ujerumani, kwa sababu ule ushauri wa sukari unaegemea kwake. Katika miaka ya 1920, Berlin, aliona vipande vya uvimbe vikila glukosi kwa wingi na kutoa laktati hata oksijeni ikiwepo. Uchunguzi huo ni sahihi mpaka leo. Njia hiyo hutoa ATP 2 kwa kila glukosi, wakati mitokondria ingetoa takriban 30. Alichokosea ni sababu: alishikilia kwamba upumuaji wa seli umeharibika. Katika saratani nyingi mitokondria ni nzima na zinafanya kazi, na tafiti mbili za mwaka 2015 zilionyesha kwamba kazi yake moja kubwa kwa seli inayogawanyika ni kuiwezesha kutengeneza aspartati, malighafi ya DNA. Seli inaimeza glukosi kwa pupa kwa ajili ya nishati ya haraka na vilevile kwa ajili ya kaboni za kujengea.

Mfano ulio karibu nasi ni limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za limfu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto wenye uvimbe wa taya. Ndani ya seli zake jeni MYC imehamishwa kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi kwenda ya 14, na imebaki imewashwa muda wote. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja hadi mbili. MYC inaamuru ujenzi bila kuuliza kama matofali yapo. Seli ya kawaida ikinyimwa glutamini husimama. Seli iliyotawaliwa na MYC hufa, na inaweza kuokolewa ikipewa oksaloasetati, yaani kiungo cha mzunguko wa Krebs, ule mzunguko wa kemikali unaochoma chakula ndani ya mitokondria. Lakini seli za namna hiyo zikinyimwa glukosi na kuachiwa glutamini, zinauzungusha mzunguko wote kwa glutamini peke yake. Kwa hiyo seli ileile inastahimili njaa moja na kuuawa na nyingine.

Niseme na wanafunzi wa maabara, maana matokeo mengi ya kupotosha huzaliwa kwenye sahani za plastiki. Mchuzi wa kukuzia seli uitwao DMEM, unaotumika sana, una glukosi milimoli 25 kwa lita, mara tano ya damu, na glutamini 4. Seli iliyokuzwa humo haijawahi kuonja njaa. Ukitaka kuinyima glukosi, ioshe mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi yasiyo na chakula) ya joto, kwa sababu mabaki machache yanatosha kukuharibia. Tumia seramu iliyopitishwa kwenye dayalisisi, yaani iliyochujwa molekuli ndogo: seramu ya kawaida ya asilimia 10 inaleta glukosi kama nusu milimoli pamoja na asidi amino. Soma lebo ya chupa uone kama kuna piruvati milimoli 1, kwa maana piruvati hiyo itaziokoa seli zako kimyakimya. Glutamini huoza kwenye nyuzi joto 37 na kuacha amonia, basi iongeze siku ya jaribio.

Halafu piga hesabu ya seli. Seli milioni moja zinazokua haraka zinaweza kutumia maikromoli 0.2 hadi 0.5 za glukosi kwa saa. Mililita 2 zenye milimoli 5 kwa lita zina maikromoli 10 tu. Ndani ya siku moja au mbili kundi lako la kulinganisha, lile unaloliita limeshiba, nalo lina njaa. Badilisha mchuzi kila siku au punguza seli.

Kosa jingine ni kuhesabu uhai kwa kipimo cha rangi kiitwacho MTT. Kipimo hicho kinasoma uwezo wa seli kuigeuza rangi kwa kuipa elektroni, na uwezo huo unategemea NADPH na mwenzake NADH, vitu vilevile ulivyovichezea. Seli hai iliyofunga mkanda itasomeka kama imekufa. Hesabu seli kwa rangi ya trypan blue, au pima DNA. Na ukitaka kujua kama seli zinaweza kutegemea mitokondria, weka galaktosi milimoli 10 badala ya glukosi; zenye mitokondria mbovu zitakufa.

Mchuzi umewahi kupotosha hata dawa. Telaglenastat inazuia glutaminase, kimeng'enya kinachoivunja glutamini. Kwenye sahani iliua seli vizuri. Katika jaribio la CANTATA la wagonjwa wa saratani ya figo, ilipoongezwa juu ya dawa nyingine, cabozantinib, haikurefusha muda wa ugonjwa kutulia. Sababu moja inayoweza kuchangia pengo la namna hiyo ilionekana mwaka 2017: mchuzi una asidi amino sistini mara kadhaa ya ile ya damu, na seli ili kuingiza sistini hulazimika kutoa glutamati, ambayo huipata kwa kuvunja glutamini, hivyo inajikuta inaitegemea glutaminase kuliko inavyoitegemea mwilini. Tuliona udhaifu ambao mchuzi ulikuwa umeutengeneza.

Metformin, dawa ya kisukari, nayo inazuia kiungo cha kwanza cha upumuaji wa mitokondria, na matumaini yalikuwa makubwa. Jaribio la MA.32, lenye wagonjwa 3,649 wa saratani ya matiti, liliwapa miligramu 850 mara mbili kwa siku kwa miaka mitano. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022: kwa wagonjwa wasio na kisukari waliolengwa, haikupunguza kurudi kwa ugonjwa kuliko kidonge kisicho na dawa. Hata kuzima mTORC1 kunaweza kugeuka. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba seli zinazoishi kwa kumeza albumini hukua zaidi mTORC1 ikizimwa, kwa kuwa mTORC1 ndiyo iliyokuwa ikizuia usagaji wa protini hizo kwenye lisosomu. Dawa inaizuia seli iliyoshiba na kuisaidia yenye njaa.

Palipofanikiwa ni kwenye asparajini. Mwaka 1953 John Kidd aliona seramu ya nguruwe-guinea ikiua limfoma za panya. Baadaye ikajulikana kwamba ni kimeng'enya asparaginase. Leo ni nguzo ya tiba ya lukemia kali ya limfoblasti, saratani ya damu, kwa watoto. Inaivunja asparajini ya damu kuwa aspartati na amonia. Seli nyingi za mwili hujitengenezea asparajini. Seli za lukemia hiyo nyingi zina kimeng'enya kidogo mno cha kuitengeneza. Lakini hata hapa ATF4 inaweza kuwasha jeni ile niliyowaambia mwiweke akilini, na seli ikawa sugu. Pia mwili unaweza kutengeneza kingamwili zinazokizima kimeng'enya bila dalili zozote za mzio, kwa hiyo penye uwezo hupimwa nguvu yake katika damu, na lengo ni angalau uniti 0.1 kwa mililita. Madhara ya kuangalia ni mzio, damu kuganda, ini kuchoka, na kongosho kuvimba kwa mwasho (pankreatitisi). Mtoto akilalamika maumivu makali ya tumbo yanayopiga hadi mgongoni, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kwa hiyo, kama tulivyoona pia kwa saratani zilizopoteza LKB1, swali la maana kwa mtafiti ni hili: seli hii haiwezi kubadili nini? Kujua inachopenda kula hakutoshi.

Ile pupa ya glukosi imetufaa mahali pengine, kwenye kipimo cha PET, picha inayoonyesha sehemu za mwili zinazoimeza glukosi kwa wingi. Mgonjwa hudungwa glukosi yenye florini-18, yaani florini yenye mionzi, ambayo nusu-maisha yake ni dakika 110. Seli inaiingiza, inaipachika fosfati, na hapo inakwama ndani kwa kuwa haiwezi kuendelea na hatua inayofuata. Mgonjwa akae bila kula kwa muda wa saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo, anywe maji tu, asifanye kazi ngumu siku iliyotangulia, na sukari yake iwe chini ya milimoli 11 kwa lita. Insulini iliyodungwa muda mfupi kabla huisukuma glukosi hiyo kwenye misuli na picha inaharibika. Kwa mazingira yetu, kumbukeni kwamba kifua kikuu nacho hung'aa kwenye PET, kwa sababu seli za kinga zenye kazi nyingi hula glukosi vilevile. Doa linalong'aa pafuni halitoshi kumwita mtu mgonjwa wa saratani. Kipande kichukuliwe kipimwe.

Nimalizie na sahani ya mgonjwa. Damu yote ya mtu mzima ina glukosi kama gramu 5 tu, na mwili huilinda kwa nguvu zote. Akiacha wanga, ini hutoa akiba yake ya glikojeni, takriban gramu 100, na ikiisha linatengeneza glukosi kutokana na asidi amino za misuli. Uvimbe unaendelea kupata. Anayepoteza ni mgonjwa: misuli inayeyuka, dozi za tiba zinaahirishwa, vidonda haviponi. Soda na vitamu vingi si chakula cha kujengea mwili, na mwenye kisukari au anayetumia dawa za steroidi adhibiti sukari yake kwa maelekezo ya daktari. Hilo ni jambo tofauti na kumnyima ugali.

Miongozo ya lishe ya wagonjwa wa saratani inapendekeza kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na protini zaidi ya gramu 1, ikiwezekana 1.5, kwa kilo. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji kilokalori 1,500 hadi 1,800 na protini gramu 60 hadi 90. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Asiyeweza kumaliza sahani apewe kidogokidogo mara tano au sita kwa siku, uji wake utiwe maziwa na karanga zilizosagwa kama koo linamruhusu. Apimwe uzito kila wiki kwenye mizani ileile, na akipungua zaidi ya asilimia 5 ndani ya miezi sita, yaani kilo 3 kwa huyo wa kilo 60, daktari wake aambiwe bila kungoja tarehe ya kliniki.

Asanteni sana.